Maziwa ya Papai Yanitoshe Mimi

Masika mwanangu,

Soma mpaka mwisho ndipo ubishe. Ninakujua. Ukimaliza mistari miwili utasimama, utanifuata jikoni na karatasi mkononi, utaanza na "Lakini mama". Sitaki lakini. Nimeamua kuandika kwa sababu jana kila nilipofungua mdomo ulinikata, na mimi nikikatwa ninapandisha sauti, na sauti yangu ikipanda kambi nzima ya wakimbizi hapa Nakivale inajua mambo yetu. Umeenda kwa watu wa kwaya. Nimekaa mlangoni, jua bado liko juu, ugali ninauchelewesha kwa makusudi.

Jana ulisema hauendi. Shule ya ukunga pale Mbarara imekupa nafasi, gari linaondoka kesho asubuhi, sanduku limefungwa, na wewe unasimama katikati ya mipapai, wembe mkononi, unaniambia, "Mama, nani atagema na wewe? Wacha niende mwaka kesho." Mwaka kesho! Mimi huo mwaka ninaufahamu sana. Mwaka kesho tutarudi Kongo, kwetu Beni. Mwaka kesho tutapelekwa ng'ambo. Mwaka kesho mvua itakuwa nzuri. Nimeusubiri tangu ukiwa mgongoni kwangu na sijauona ukishuka kwenye gari.

Sitakuandikia habari ya kufua, ya kula kwa wakati, ya kutembea na nani. Akili unayo, na kama huna, karatasi hii haitakupa. Nataka tuongee habari ya maziwa ya papai, kwa sababu ndiyo umeyafanya sababu ya kubaki, na unafikiri unayajua yote kwa kuwa umeyagema tangu utotoni. Hauyajui yote.

Kwetu Beni mtu alikuwa akiona mpapai haoni chakula, anaona maziwa. Baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta, alikuwa na shamba la mipapai lililoshuka mpaka mtoni. Alitufundisha kazi kwa kutufokea. Papai liwe limejaa, lakini kijani kabisa. Uwahi asubuhi kabla jua halijakaza. Uchanje ngozi juu juu, mistari ya kushuka, usifike kwenye nyama. Maziwa yanadondoka kwenye turubai iliyozungushwa kwenye shina, yanaganda palepale, unakwangua, unaanika, yanakuwa makombo meupe. Wanunuzi waliyaita papaini. Walisema yanalainisha nyama ngumu, yanasafisha bia isiwe na ukungu, yanatayarisha ngozi ya viatu, yanaingia kwenye dawa. Baba alipenda sana hiyo ya bia. Alikuwa akisema kuna mtu huko Ulaya ameshika glasi yake kwenye mwanga, anaona bia imetakata, na hajui kwamba ni kwa sababu ya maziwa yake yeye, baba. Alikuwa anacheka peke yake, halafu anarudi kutufokea.

Mikono ya baba ilikuwa laini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu ni mtu mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Yale maziwa yanakula, Masika. Yanakula nyama ya ng'ombe na hayachagui, yanakula na ya mtu. Sisi watoto tulikuwa na vidonda kati ya vidole, mama anatupaka mafuta ya mawese, asubuhi tunarudi shambani. Hakuna aliyetuambia tuvae kitu. Hakuna aliyetuambia kuna njia nyingine ya kuwa na mikono.

Watu wakisimulia walivyokimbia wanapenda kusema walibeba mbegu za kwao kwenye kona ya kitenge. Mimi sikubeba mbegu, nilikubeba wewe, na ulikuwa mzito. Mbegu nilizitoa kwenye papai la soko la Isingiro, huku Uganda. Nililila barabarani, nikatema mbegu kwenye kiganja, nikaja kuzipanda kwenye shamba hili dogo tulilopewa, wakati kila mtu anapanda mahindi na maharage. Waliniambia mapapai hayashibishi. Nikawaambia si ya kushiba. Wakaangaliana.

Na kuanza nilianza vibaya. Niligema mara ya kwanza kwa kisu cha jikoni. Nilijua vizuri kwamba chuma cha namna ile kinayachafua maziwa, baba angenipiga, lakini sikuwa na wembe na sikuwa na subira. Maziwa yakawa meusi. Nikayabeba hivyo hivyo mpaka Mbarara, mnunuzi akafungua mfuko, akaufunga, akanirudishia bila neno. Nilitembea mji mzima nimekasirika, si kwake, kwangu. Hiyo haraka bado ninayo. Usiirithi.

Halafu ikaja habari ya makovu. Unaikumbuka, lakini unaikumbuka kitoto. Papai lililogemwa linaiva vizuri na ni tamu, ila ngozi yake imejaa michirizi. Hapa hakuna aliyewahi kuona papai la namna hiyo. Jirani yetu Mama Konsolata, Mrundi, mtu wa rozari na wa mstari wa mbele kanisani, akawaambia watu ninayatoa mapapai damu na kuna ninachokifanya na hiyo damu. Sokoni wakaacha kununua kwangu. Ukarudi kutoka shuleni unalia, wenzako wamekataa kukaa na wewe.

Ungekuwa na mama mwingine angehama, au angekata miti. Mimi Jumapili nilichagua mapapai yenye makovu mabaya kuliko yote, nikayapanga kwenye kikapu, na misa ilipotoka nilikaa getini mwa kanisa nikaanza kula. Nikakukatia na wewe. Ulikula kwa hasira, maji yanakuchuruzika mpaka kwenye gauni ya misa. Konsolata akasimama mbele yetu.

"Mama Masika, unafanya nini fasi ya Mungu?"

"Ninakula. Kaa tule."

"Sili hicho kitu."

"Basi angalia nikifa."

Hakuna aliyechukua hata kipande siku ile. Tulikula wawili mpaka tumbo likatuuma. Jumapili iliyofuata tukarudi, na iliyofuata. Mwishowe watu walikula, lakini ulikuwa ni ule wakati chakula cha mgao kilipopunguzwa, kwa hiyo sijisifu kwamba niliwashawishi. Nilikataa tu kuondoka pale getini.

Ya kambi ya jeshi sijawahi kukusimulia yote, maana nilikuwa ninaona haya. Sasa ninaona inachekesha.

Nilikuwa ninapeleka ndizi na mapapai pale Mbarara, kwenye nyumba za familia za wanajeshi. Kulikuwa na sajenti mmoja, mpishi, mtu wa kitambi, ananiita "mama ya Kongo". Siku moja ninamkuta analalamika, ameletewa nyama ya ng'ombe mzee, wale wa pembe ndefu ambao wametembea Ankole yote kabla ya kuchinjwa, na kesho yake kuna mkubwa wao anahamishwa, wanamfanyia chakula. Nikamwambia ninayo dawa ya hiyo nyama. Nikampa kichupa cha maziwa mabichi. Nikamwambia changanya na maji, paka nyama kabla ya kupika.

Basi. Hayo tu. Kwetu hakuna anayeambiwa zaidi ya hapo, hata mtoto anajua unapaka ukiwa unawasha moto. Yeye akapaka jioni, akafunika sufuria, ili dawa ikolee.

Asubuhi ninafika na kikapu changu, askari wa getini ananiambia, "Mama, sajenti anakutafuta. Iko na hasira mbaya." Miguu ikaniambia geuka. Nikaingia. Sajenti akafunua sufuria. Nyama ya nje yote ilikuwa imekuwa uji, unaweza kuichota na kijiko.

"Mama, hii iko nini? Mimi nilikupa ng'ombe, wewe unanipa matope?"

"Uliweka saa ngapi?"

"Jana."

"Nani alikwambia jana?"

"Na nani alikataza?"

Hapo alinishinda, mwanangu. Halafu nikamwambia alete vitunguu, alete chumvi, alete mafuta. Nyama ya ndani ilikuwa bado nzima, tukaikata kando. Ule uji wa nje nikauchanganya na unga kidogo na vitunguu, nikaufinyanga vidonge, nikauchoma kwenye mafuta. Nilipika jikoni mwa wanajeshi huku sajenti amenisimamia amekunja mikono. Mkubwa akala vile vidonge, akafuta mdomo, akauliza kama vimebaki. Sajenti hakunishukuru. Alininong'oneza tu, "Next time unasema yote." Na kila nilipopita baada ya hapo alinunua kichupa.

Mimi nimekaa na hilo neno la sajenti miaka mingi. Vitu tunavyovijua sana ndivyo tunasahau kuvisema. Ndiyo maana sasa ninakuambia habari ya vidole, ambayo hatujawahi kuiongea vizuri mimi na wewe.

Siku ya mashine unaikumbuka. Watu wa ofisi ya kambi walikuja kuhakiki watu, kila mtu apite aweke vidole, ambaye hajapita kadi yake ya mgao inafungwa. Tulipanga mstari tangu asubuhi. Wewe ukaweka vidole, taa ikawaka, ukapita. Mimi nikaweka, hakuna kitu. Yule kijana wa mashine akasema, "Mama, bonyeza tena." Nikabonyeza. Akanifuta vidole na kitambaa. Akanipaka mafuta. Akageuza mkono wangu, akautazama kwa muda.

"Mama, vidole vyako viko flat, alama zimefutika. Mashine inasema hakuna mtu."

"Mashine inasema hakuna mtu?"

"Ndiyo, mama. Kaa pembeni kwanza."

Pembeni sikukaa. Nilikaa palepale chini, mbele ya meza yake, nikanyoosha miguu. Nikasema kama hakuna mtu basi wanaokuja nyuma wapite juu yangu, hawatagonga kitu. Mstari ukaanza kunung'unika. Wakamwita mkubwa wao. Mkubwa akasema nirudi wiki ijayo. Nikasema wiki ijayo vidole vitakuwa vilevile, hivi ndivyo nilivyo navyo, vimelisha mtoto. Wewe ulikuwa upande wa pili wa kamba, umeshapita, unatazama vidole vyako mwenyewe.

Na nani akatoka kwenye mstari? Konsolata. Akaja na rozari yake shingoni, akasimama juu ya kichwa changu, akamwambia mkubwa, "Huyu ninamjua. Ni jirani yangu. Nimegombana naye tangu alipofika. Unafikiri nilikuwa ninagombana na hewa?" Watu wakacheka, hata yule kijana akacheka. Wakaleta kifaa kingine, wakanipima macho, macho yakakubali. Nikaamka, nikajipangusa vumbi. Konsolata akarudi kwenye mstari, wakamnyima fasi yake, ikabidi aanze nyuma. Nilimsubiri mpaka akamaliza. Hatukuombana msamaha. Tulirudi nyumbani tukibishana kuhusu bei ya maharage.

Siku ile ndiyo nilinunua glavu, na siku ile ndiyo ulianza kuzivua. Unasema zinateleza, unasema hauhisi ngozi ya papai, unachanja ndani sana. Ni kweli. Mimi pia sizipendi. Lakini mimi mikono yangu imeshaenda, haina cha kupoteza, na wewe unaniiga kama kwamba ni mtindo wa kufunga kitambaa cha kichwa.

Juzi ulikuwa umekaa hapa nilipokaa mimi sasa. Ulitaka kufungua simu. Ukaweka kidole gumba, simu ikakataa. Ukakifuta kwenye sketi, ukaweka tena, ikakataa. Ukaweka cha upande mwingine. Halafu ukacheka, ukaandika namba, ukaendelea na mambo yako. Masika, mimi sikucheka. Nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Nimepigwa na vitu mingi katika maisha haya, na nimeviambia vyote haya, njoo. Kile kidole chako kwenye simu sikukiambia njoo.

Sioni aibu ya maziwa, usinielewe vibaya. Mtu akikuuliza huko Mbarara mama yako anafanya kazi gani, usiseme mkulima tu ili yaishe. Sema anagema papai. Akicheka, mwambie bia anayoipenda na nyama anayoisifu zinaweza kuwa zimepita mkononi mwa mtu kama mimi. Mti unaotoa kitu cha namna hiyo kwa kukwaruzwa tu, kisha bado unakuivishia tunda, mimi ninauheshimu kuliko watu mingi niliokutana nao. Watu wa ofisi waliniambia niung'oe nipande mahindi, shemeji zangu waliniambia, kanisa liliniambia, na baba yako, Mungu amuweke pema, naye aliniambia alipokuwa bado nasi hapa. Miti ipo. Nitaigema mpaka nishindwe kusimama.

Lakini ninaheshimu pia kazi uliyoichagua. Mkunga anasikia kwa vidole. Yule mama aliyekupokea wewe kule Beni hakuwa na mashine, alinigusa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, akakugeuza kwa mikono yake mitupu huku ninapiga kelele. Kama angekuwa na vidole vyangu, mimi na wewe tusingekuwa hapa tunabishana. Ngozi yako bado changa. Ukiiacha ipumzike itarudi, nimeona kwa dada zangu walioacha kugema walipoolewa. Yangu haitarudi. Ni hivyo tu, sililii.

Sasa jambo lenyewe. Leo asubuhi, ulipokuwa Isingiro nilikokutuma kufuata zile picha za shule, nilimwita Konsolata.

Alikuja amevaa glavu kabla sijamwambia. Papai la kwanza alilichanja mpaka kwenye mbegu, nikamfokea, akanifokea. Akaniuliza kwa nini sikumfundisha zamani, nikamwambia zamani ulisema ni damu. Akasema, "Bien, sawa, ilikuwa ni kosa, tuendelee." Akaharibu mengine. Akamwaga turubai moja chini. Jua lilipoanza kukaza alikuwa ameanza kupata mkono, taratibu, anachanja huku anaimba nyimbo za Bikira Maria, na mimi ninaumia masikio. Maziwa yalitoka. Meupe kabisa.

Akaniuliza, "Na Masika?"

Nikasema Masika anaenda.

"Amekubali?"

Nikasema bado.

Mistari yako ya mipapai nimempa. Wembe wako nimempa. Turubai zako nimempa, na tumeelewana tutagawana kinachotoka, amesharudi kwake kumwambia mume wake na siwezi kumgeuka, unajua nilimsubiri miaka mingapi yule mwanamke aniamini. Kwa hiyo ukiniuliza tena nani atagema na mimi, jibu linaitwa Konsolata. Ukibaki kesho, utabaki kukaa kwenye kigoda na kumtazama akigema vibaya. Nitakupikia, nitakutandikia, nitakuhudumia kama mgeni. Wembe hautaushika. Hapa hakuna kazi yako tena.

Utakasirika. Kasirika ukiwa ndani ya gari. Hasira yako ninaijua, ni yangu, itakufikisha mbali kuliko huzuni.

Mimi nimekataa mambo mingi, Masika, na mengi niliyakataa kwa sababu hayakuwa ninayoyataka. Nimekataa kuhama, nimekataa kukata miti, nimekataa kuambiwa sipo. Kukataa ubaki ni tofauti. Kubaki kwako ndicho kitu ninachokitaka kuliko vyote, na nimekikataa.

Mama yako.